Pesa za wanachama zinastahili memori inayojisahihisha

Kazi yangu hapa Morogoro ni kufunga na kutunza kompyuta za vyama vya akiba na mikopo. Nikifungua boksi linaloitwa seva, mara nyingi ninachokuta ndani ni kompyuta ya kawaida ya mezani, yenye memori isiyoweza kulitambua kosa lake yenyewe. Nasema wazi: huko ni kuchezea jasho la watu.

Memori hukosea. Chembe zitokazo anga za mbali, au mnururisho mdogo wa vitu vilivyotumika kutengeneza chipu, huweza kugeuza biti moja kutoka 0 kuwa 1. Programu ni nzima, umeme haukukatika, lakini namba imebadilika. Huko Schaerbeek, Ubelgiji, kwenye uchaguzi wa Mei 2003, mgombea mmoja aliongezewa kura 4,096. Wataalamu waliikagua programu, kosa hawakuliona. Wakahitimisha kwamba biti ya 13 ilijigeuza, na thamani ya biti hiyo ni 4,096 kamili. Waliostuka walistuka kwa sababu kura zake zilipita kiasi kilichowezekana. Sasa ongeza au punguza shilingi 4,096 kwenye salio la mama auzaye mchicha Soko la Chifu Kingalu. Nani atastuka?

Dawa ipo tangu 1950, mwaka ambao Richard Hamming wa Bell Labs, Marekani, alichapisha misimbo yake ya kusahihisha makosa. Alikuwa amechoshwa na mashine iliyokuwa ikiona kosa mwishoni mwa wiki, inaitupa kazi yake na kwenda kwenye kazi nyingine. Kama inajua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi? Njia yake ni kama hivi: fikiria wazee watatu wa mtaa wenye kaya saba. Kila mzee anaangalia kaya nne, na hakuna kaya mbili zinazoangaliwa na wazee walewale. Kaya moja ikiharibika, tazama ni wazee gani wanaolalamika: utajua nyumba yenyewe bila kubisha hodi popote. Kaya hizo ndizo biti; na kwa kuwa biti ina hali mbili tu, ukishajua iliyokosea umeshajua jibu sahihi.

Memori inayojisahihisha, iitwayo ECC, hufanya hivyo kila inaposomwa. Kwa kawaida kila biti 64 za taarifa huongezewa 8 za ulinzi. Kosa la biti moja hurekebishwa, la biti mbili hutolewa taarifa. Hiyo taarifa naithamini sana, maana fundi anajua kipande kinachoanza kuchoka kabla hakijaharibu vitabu.

Gharama huongezeka, ni kweli, kwa kuwa chipu ni nyingi zaidi, na ubao mama pamoja na prosesa lazima viikubali memori hiyo. Lakini chama kinachomlipa mkaguzi wa hesabu kila mwaka hakiwezi kusema ulinzi huu ni anasa.

Wajumbe wa bodi, kabla ya kusaini zabuni ijayo ya seva, hakikisheni imeandikwa humo: memori ya ECC. Muuzaji akileta nyingine, msiipokee.