Zahanati Iwafuate Wazee Kibarazani

Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum

Mheshimiwa Waziri,

"Ni uzee tu." Jibu hilo limezoeleka vibarazani mwa makazi ya wazee, iwe Nunge kule Kigamboni, Njoro mjini Moshi au Kolandoto mkoani Shinyanga. Macho yakiingia ukungu, ni uzee. Miguu ikifa ganzi, ni uzee. Kichwa kikigonga, mzee hujifunga kitambaa na kungoja kitulie.

Kumbe ukungu huo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake huchukua muda mfupi. Ganzi yaweza kuwa kisukari. Presha nayo hupanda kimyakimya hadi kiharusi kimwangushe mtu. Kuyashtukia magonjwa haya mapema hakuhitaji makubwa: mashine ya presha, tone la damu kidoleni, tochi ya kumulika macho.

Serikali haikulala. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Wasiojiweza wakapewa haki ya matibabu bila malipo, na hospitali za umma zikafungua dirisha la wazee. Ila dirisha humsubiri mwenye miguu ya kulifikia. Mzee aliye kwake husindikizwa na mwana au mjukuu. Wa makazini mara nyingi hana ndugu wa kumshika mkono, na safari yake huja akishazidiwa.

Miguu peke yake inatosha kuonyesha hasara ya kuchelewa huko. Makazi kama Bukumbi, wilayani Misungwi, yamehifadhi pia walioathiriwa na ukoma, unaoweza kuua hisia za miguu. Asiyesikia maumivu unyayoni hukanyaga msumari akaendelea na safari, akashtuka akiona damu kwenye kandambili. Muuguzi anayewakagua miguu kila mara huliona lengelenge kabla halijawa donda la kukatisha mguu.

Ombi ni hili: Wizara ikae na Wizara ya Afya na TAMISEMI, kila makazi yapangiwe siku ya uchunguzi angalau kila miezi mitatu, na kila mzee awe na daftari lake la afya. Mzee asiburutwe. Aelezwe kwa lugha anayoielewa, na mhudumu anayemfahamu, kwa nini anapimwa ilhali hajaugua, kisha aridhie mwenyewe.

Mheshimiwa, siku hizo ziingizwe kwenye bajeti ijayo, pamoja na mafuta ya gari litakalompeleka hospitali atakayekutwa na tatizo.