Mtoa nusukaputi asikilizwe



Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu mivutano ya chumba cha upasuaji. Daktari mpasuaji anataka kuanza; mtoa nusukaputi anasema ngojeni, mgonjwa hayuko tayari. Katika hospitali zetu nyingi huyu wa pili ni muuguzi au tabibu, basi cheo ndicho kinachoamua. Mwenye roho yake amelala.

Mwaka 2007 na 2008 Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kisu wote husimama, kila mmoja hutaja jina na kazi yake, na mtoa nusukaputi hueleza wasiwasi wake. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Naiomba Wizara ihakikishe orodha hiyo inasomwa kwa sauti, siyo kutiwa vema baada ya operesheni. (Sisi walimu tunajua daftari linavyoweza kutiwa vema bila kusomwa.) Na mpasuaji anayekataa kungoja aandike sababu kwenye faili kwanza, isipokuwa mgonjwa anavuja damu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Visiga, Kibaha.