Hesabu na Haki: Idadi ya 2520



Mwezi huu tuitazame idadi ya 2520. Hiyo ndiyo idadi ndogo kupita zote igawanyikayo kwa 1, kwa 2, kwa 3, mpaka 10, pasibaki kitu. Asiyejua njia huzizidisha zote kumi pamoja akafikia 3,628,800. Nayo hugawanyika, lakini amejitwika mzigo bure.

Wanavyuoni wa elimu ya mirathi wametufunza kutazama kwanza uhusiano wa idadi mbili. Ama ni sawasawa, ndiyo tamathuli. Ama ndogo yaingia kamili katika kubwa, ndiyo tadakhuli. Ama zina kigawanyo cha shirika, ndiyo tawafuki. Ama hazishirikiani ila katika 1, ndiyo tabayuni.

Shika 60, ambayo 1 mpaka 6 zote zaigawanya. Pamoja na 7 ni tabayuni; zidisha, upate 420. Hii na 8 zashirikiana katika 4, basi katika 8 chukua 2 tu: 840. Hii na 9 zashirikiana katika 3. Chukua 3: 2520. Na 10 imekwisha kuingia.

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Mikindani alipoipata alisema kwa furaha, "Maalim, hii yatosha kwa kila mirathi!"

Nikamwambia: "Mtu amefariki, deni na wasia vimekwisha kutolewa. Ameacha mke, wana wa kiume 3 na mabinti 4. Gawanya."

Mke ana thumuni, yaani 1 katika 8, zabaki 7. Kwa hukumu ya Suratun Nisaa mwana wa kiume hupata fungu la mabinti wawili, basi watoto ni vichwa 10. 7 na 10 ni tabayuni, kwa hiyo 8 huzidishwa kwa 10, ikawa 80: mke 10, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Kijana akaigawanya 2520 kwa 80, zikabaki 40. Akanyamaza.

Idadi haina baraka ya siri, wanangu. Kila mirathi ina idadi yake, nayo hutafutwa.

Ikiwa marehemu aliacha mikorosho 240 yenye mazao sawa, kila fungu ni miti 3: mke 30, kila mwana wa kiume 42, kila binti 21. Nimepata kuona shamba likigawanywa kwa kukisia, mabinti wakaonyeshwa miti michache ya mpakani. Waliogawa hawakuwa wezi. Hawakujua hesabu tu. Lakini mti mmoja uliopunjwa ni korosho za kila msimu, na haki ya mtu haifutwi na ujinga wa mgawaji.

Wazazi, wapeni watoto swali hili usiku wa leo: ni idadi gani ndogo kupita zote igawanyikayo kwa 1 mpaka 10, na kwa 80 pia? Jawabu ni 2520 mara mbili. Waelezeni kwa nini.

Wallahu aalam.