Bach Aliomba Ujira

Tumechoka na jibu ambalo walimu wa kwaya hupewa kila wanapotaja posho mbele ya wazee wa kanisa: kwamba Bach alimwimbia Mungu, ila Handel aliziimbia fedha. Wasemao hivyo wanawajua wawili hao kwa majina tu.

Wote walizaliwa Ujerumani mwaka 1685, wasionane kamwe. Handel alihamia London, akatunga opera, akafa tajiri mwaka 1759, akazikwa Westminster Abbey. Huyo ndiye mpenda fedha? Kazi yake iitwayo Messiah ilipoimbwa mara ya kwanza huko Dublin, mwaka 1742, mapato yaligawiwa hospitali na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Baadaye aliitoa London kwa ajili ya watoto waliotelekezwa. Tena mwishoni mwa hati yake aliandika herufi S.D.G., yaani utukufu ni kwa Mungu peke yake. Herufi zile zile tunazomsifia Bach.

Na Bach? Uchaji wake hatuubishi. Lakini mwaka 1730 aliwaandikia wakuu wa mji wa Leipzig kudai waimbaji na wapiga vyombo wa kutosha, akawaeleza wazi kwamba mwanamuziki anayehangaikia mkate hawezi kuikamilisha kazi yake. Mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake kuwa maisha ya Leipzig ni ghali, na kwamba hewa ilipokuwa nzuri mapato yake yalishuka, maana watu hawakufa na ada za mazishi zilipungua. Msomaji anaweza kucheka. Baba mwenye nyumba iliyojaa watoto hakuwa akifanya mzaha. Wakuu wale walimwona mkaidi, wakajadili kumpunguzia mapato.

Mjane wake, Anna Magdalena, mwimbaji hodari aliyenakili kazi nyingi za mumewe, alikufa mwaka 1760 akiishi kwa sadaka. Je, hiyo nayo tuiite imani? Ule ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa kikao. Luka 10:7 tunaisoma kwa sauti kuu panapohusika mchungaji. Tukifika kwenye kinanda tunafunga kitabu.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya akileta ombi lake kwenye bajeti ijayo, ajibiwe kwa hesabu za usharika, kwamba fedha zipo au hazipo. Bach aachwe apumzike.