Damu itangulie mgonjwa

Kagera inaijua CD4 kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika mkoani hapa mwaka 1983, na kwa miaka mingi bibi aliyebaki na wajukuu wilayani Muleba alijua kwamba CD4 ikishuka chini ya 200 hali ni mbaya. Wachache walielezwa maana yake. CD ni alama zilizo juu ya seli, zilizoanza kupewa namba katika mkutano wa wanasayansi mjini Paris mwaka 1982. Ile ya nne ndiyo VVU hushika ili kuingia ndani ya seli.

Namba nyingine za orodha hiyohiyo zinahusu saratani kali ya damu, yaani leukemia. Katika ugonjwa huu seli changa hujaa kwenye uboho, na chini ya hadubini zinaweza kufanana mno. Hupakwa kingamwili zenye rangi inayong'aa, kisha hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Zenye CD19 na CD10 kwa kawaida ni za kundi B, ambalo kwa watoto lina matumaini makubwa. CD3 na CD7 huelekeza kwenye kundi T. CD13 na CD33 kwenye aina ya mieloidi, yenye dawa zake tofauti. Mtoto mchanga ambaye seli zake zina CD19 lakini hazina CD10 yuko katika hatari kubwa zaidi.

Alama hizo peke yake hazitoshi kutabiri nani atapona. Umri, wingi wa chembe nyeupe na kasoro za vinasaba vina uzito wake. Lakini baada ya wiki chache za dawa, kipimo hichohicho kinaweza kukamata seli moja ya saratani iliyojificha kati ya seli 10,000, na jibu hilo ni miongoni mwa yanayotabiri vizuri zaidi kama ugonjwa utarudi. Nchi tajiri huponya karibu watoto tisa kati ya kumi wenye leukemia ya limfu. Dawa nyingi wanazotumia ni za zamani. Tofauti ni kwamba wanajua nani aongezewe dawa na nani apunguziwe.

Muleba tatizo huanza mapema zaidi. Ni wilaya ya malaria, na mtoto mwenye homa na upungufu wa damu hutibiwa malaria, huongezewa damu na kurudishwa nyumbani. Mara nyingi ni sahihi. Anaporudi tena amepauka, ana michubuko na tezi zimevimba, picha kamili ya damu na tone la damu chini ya hadubini visingoje. Wala asipewe prednisolone au deksamethasone kwa kubahatisha, kwa maana dawa hizo huua seli za leukemia kwa muda na kuficha ugonjwa.

Sisi tunataka jambo moja: damu isafiri kabla ya mgonjwa. Mrija wa damu kwa kipimo cha alama za seli hukaa saa 24 hadi 48 katika joto la kawaida la chumba, bila barafu. Ndege ya Bukoba hadi Mwanza haichukui hata saa moja. Kwa baadhi ya wagonjwa itabidi uboho uvutwe, na hao wapewe rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, siku hiyohiyo. Lakini wengi majibu yao yangeanza kupatikana huku familia ikiwa bado nyumbani, haijauza shamba la migomba kwa ajili ya nauli ya kwenda kuambiwa jina la ugonjwa.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wizara ya Afya iweke kipimo cha alama za seli katika kitita cha bima hiyo, pamoja na gharama ya kusafirisha sampuli. Kwa VVU Kagera ilishazoea sampuli kutoka kituo cha kijijini hadi maabara kubwa na majibu kurudi. Mirija ya leukemia ingekuwa michache mno ikilinganishwa na ile.