Wacheni kukata waya wa ardhi

Wasee, leo sina salamu ndefu. Kuna dogo hapa Kabiria anaunda amplifaya inayotaka volti 12 chanya na volti 12 hasi. Alitoa pawasaplai mbili kwa kompyuta zilizokufa, akaunga waya wa njano wa moja na mweusi wa nyingine, vile unapanga mawe ya tochi. Ikazima papo hapo. Akapeleka kwa fundi. Fundi akamwambia kata waya wa ardhi kwa plagi, ule wa kijani na manjano. Akakata, na zikafanya kazi. Hiyo ndiyo inaniuma, kwamba zilifanya kazi.

Buda, haikuwa mbovu. Waya mweusi wa pawasaplai ya kompyuta umeshikana na kasha la chuma, na kasha limeshikana na ardhi kupitia pini ndefu ya plagi. Kwa hivyo nyeusi zote mbili ni kitu kimoja hata kama hujaziunga. Ukileta njano ya hii kwa nyeusi ya ile, umeipiga shoti. Ilijizima kujiokoa.

Sasa ukikata ardhi, ndani bado kuna kapasita za kuchuja kati ya stima na kasha. Stima yetu ni volti 240, kasha litakaa kwa 120 hivi. Hapo utawashwa vidole tu. Lakini siku waya wa laivu utagusa chuma huko ndani, kasha lote ni 240, fyuzi haiungui, na njia ya stima kwenda chini ni wewe. Dogo analala chumba kimoja na mdogo wake, na nyumba yenyewe ni mabati kila upande. Fundi hakuuliza hiyo.

Mtasema niliacha chuo mwaka wa pili, najua nini. Sawa. Zile pawasaplai za maabara nilizoacha huko zina tundu la kijani la ardhi kando, halijaungwa na hasi, ndiyo maana unaweza kuzipanga mbili. Yako je? Chomoa kila kitu, weka mita kati ya hasi na pini ndefu. Ikilia, usipange. Kusikia mita haihitaji digrii.

Tena ukitaka 12, 5 na 3.3, pawasaplai moja inatoa zote: njano, nyekundu, chungwa. Hasi 12 huwa kwa waya wa buluu, ila ni nyonge, kwa kawaida haifiki ampea moja. Haiwezi amplifaya. Amplifaya inataka transfoma ya 9-0-9. Panda mat hadi tao, uliza Luthuli. Waya wa katikati ndio sifuri yako, weka daraja la dayodi na kapasita mbili, utapata karibu 12 kila upande.

Ni ghali kuliko mkasi, najua. Dogo, plagi zako ziko kwa meza yangu, nimerudisha waya zote mbili. Amplifaya haitaimba hadi upate transfoma. Nikasirikie tu.