Nilienda Lunga Lunga Kutafuta Utoto Wangu, Nikamkuta Machungwa

Simu yangu ilivuka mpaka kabla yangu. Nimekaa zangu barazani kwa bibi, Lunga Lunga, Kenya kabisa, sijanyanyua hata mguu, mara meseji inaingia: karibu Tanzania. Bando langu likafa hapo hapo. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Zamani ilikuwa miguu yenu inakwenda huko bila kuaga. Siku hizi hata masimu!"

Nilikuwa sijarudi miaka minane. Na si ati ni mbali, wasee. Kutoka Likoni ni kama kilomita 100 tu. Unapita Ukunda, unapita Msambweni, unapita Ramisi, ukiona malori yamepanga foleni kando ya barabara jua umefika. Lakini mnajua mambo ya mjini. Unasema Idi hii lazima niende, Idi inapita, unatuma pesa kwa simu, maisha yanaendelea.

Sasa safari hii nilienda na plani. Vidio ya dakika tatu: machweo, njia ya vumbi, mimi natembea polepole kama nimefiwa, halafu maneno: "Utoto wangu uko hapa." Mnazijua hizo vidio. Hata mimi nikikutana nazo huwa naangalia mpaka mwisho.

Asubuhi nikanywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikatoka na kamera. Nikafika pale tulipokuwa tunacheza mpira. Hakuna uwanja. Pamekuwa mahali pa kuegesha malori, na vibanda vya chakula pembeni. Nikajirekodi na uso wa huzuni: "Jamani, wameuharibu mji wangu."

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Mji wako?"

Kugeuka, ni Machungwa. Si jina lake, ni la utotoni, na lina stori. Mama yake alizaliwa upande wa Horohoro, kwa hivyo wajomba zake wote wako huko. Tukiwa wadogo tulikuwa tunakata vichochoro mpaka kwa wajomba, tunapewa machungwa, tunarudi nayo kuwauzia abiria wa magari. Faida yote aliila yeye, kwa sababu alimenya na kula njiani. Hakuna aliyetuuliza tunatoka nchi gani. Kwetu Horohoro haikuwa Tanzania. Ilikuwa kwa kina Machungwa.

Na huo si ujinga wa watoto. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, lugha moja, koo zile zile. Mpaka ndio mgeni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mlango wa mto Umba, kule Vanga, uende mpaka Ziwa Jipe. Wakachora Ulaya, sisi tukaamkia huku na huku. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Bibi anasema hata miaka hiyo harusi na matanga hayakusimama.

Tulikumbatiana, tukacheka, nikamwambia, "Maze, uwanja wetu umekwisha."

Akaniangalia. "Ule uwanja ulikuwa unanipa vidonda tu. Hapa napakua mizigo, nalipwa jioni. Wewe ukija unataka tukae vile ulivyotuacha, ndio upate kitu cha kukumbuka."

Hapo nikazima kamera.

Nikamuuliza, mbona usije Mombasa? Yeye alikuwa mkali wa hesabu kunishinda, alinifanyia homuweki zangu zote za darasa la saba. Akasema kama mtu anayeelezea bei ya unga: "Nije na nini? Sina kipande."

Machungwa ana miaka 24, na hana kitambulisho.

Tulipofika miaka 18 mimi nilipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vipande vya wazazi. Babangu ni mtu wa kuweka makaratasi kwenye faili. Nikasubiri, nikapata. Yeye alizaliwa nyumbani, hana cheti. Babake, Mkenya wa hapa hapa, alifariki tukiwa bado wadogo. Ofisi moja ikamwambia alete kipande cha babake. Akapeleka nakala iliyofifia. Akaambiwa alete cha babu. Akaulizwa mamake ametoka wapi, akasema ukweli. Baada ya hapo ikawa rudi kesho, na kesho hizo zimefika miaka sita.

Bila kipande laini ya simu si yako. Ya Machungwa imeandikwa jina la dadake. Huwezi kufungua akaunti, kura husahau, kazi ya maana hupati. Na kuvuka mpaka kwa njia halali huwezi, maana hata ile pasi ya muda lazima kwanza uthibitishe wewe ni nani. Bibi yake mzaa mama alipofariki ng'ambo, alipita vichochoro kwenda kumzika. Njia ile ile ya machungwa, lakini safari hii usiku, kama mwizi.

Halafu angalia hapo barabarani. Kuna kituo cha pamoja cha mpakani, maafisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa jengo moja, lori linasimama mara moja badala ya mara mbili. Kitu kizuri, sipingi. Lakini nijibuni: lori la saruji linakaguliwa, linajibiwa, linapita. Mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo anangoja miaka sita. Kwani sisi ni mzigo gani usiokaguliwa ukaisha?

Najua kuna atakayesema mpaka ni mpaka, kuna usalama, si kila mtu apewe tu. Sawa. Mimi sisemi watu wasiulizwe. Nasema maswali yawe na mwisho. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema ukizaliwa na mama au baba Mkenya, wewe ni raia. Mmoja anatosha. Haikusema mama akiwa wa ng'ambo unakuwa nusu. Na Februari 2025 Rais alitangaza kwamba ile kupigwa msasa kwa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani ikome. Tangazo ni zuri, lakini Machungwa bado anapokea mshahara kwa simu ya dadake.

Na hii si hadithi ya Lunga Lunga peke yake. Hapa hapa Kwale, Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi mashambani waliishi miaka na miaka bila uraia. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais, na ndipo vitambulisho vikaanza kutolewa. Wapemba walitambuliwa 2023. Wote hao walikuwa nyumbani muda huo wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaandika.

Ndiyo maana nasema, hizi vidio zetu za kurudi nyumbani zina uongo ndani yake, na yangu ingekuwa na uongo huo huo. Tunalilia mwembe uliokatwa, tunalilia uwanja, halafu tunapanda matatu Jumapili jioni. Mimi naweza kuikumbuka Lunga Lunga kwa sababu niliweza kutoka. Na kilichonitoa si akili, maana akili alikuwa nayo yeye. Ni faili la babangu.

Basi ukirudi kwenu, popote ilipo, piga picha zako, kula mahamri yako. Lakini kabla hujaondoka uliza: nani katika wale tuliocheza naye hana karatasi? Wadogo zako wana vyeti vya kuzaliwa? Nani anahitaji mtu wa kumsindikiza ofisini, kumsomea fomu, kukaa naye foleni ili asiambiwe tena rudi kesho?

Jumatatu sikupanda gari. Nilienda na Machungwa, mamake, na mzee mmoja jirani anayekumbuka usiku aliozaliwa, kuanza kusajili uzazi wake kwa kuchelewa. Mzee alieleza kila kitu, mpaka mvua ya siku hiyo. Tumepewa fomu na tarehe ya kurudi. Sijui kama safari hii itaiva. Tarehe hiyo nitakuwepo.

Vidio ya machweo nimeifuta. Tukitoka ofisini Machungwa alininunulia chungwa moja la Tanga kwa mama wa kando ya barabara, akalimenya, akala nusu kabla hajanipa. Hajabadilika hata kidogo.